Aliyeacha kundi atabisha hodi kwa nani?

*Kenya ilitangaza msamaha, Uganda ikatunga sheria, Somalia ikajenga vituo. Tanzania ina sheria ya kumfunga gaidi, lakini haina ya kumpokea aliyeghairi. Makala haya yanalitazama pengo hilo kutokea Singida, mkoa usiotajwa sana panapozungumzwa habari za ugaidi.*

Na Mwandishi Wetu, Singida

Basi la Dar es Salaam kwenda Mwanza likiingia stendi ya Misuna, Singida mjini, wachuuzi wanakuwa madirishani kabla kondakta hajafungua mlango. Wana kuku wa kienyeji waliokaangwa na kupangwa kwenye beseni, mayai ya kuchemsha na kijikaratasi cha chumvi, asali kwenye chupa za maji, mafuta ya alizeti kwenye madumu. Abiria anaonyesha paja kwa kidole, anabishania bei, analipa na kukabidhiwa kitoweo kilichofungwa kwenye gazeti, pengine hilihili, toleo la juma lililopita.

Siti ya kulia kuna mwenye kanzu, ya kushoto kuna mwenye rozari shingoni. Wote wanatafuna, na hakuna anayeuliza kuku kachinjwa na nani.

Hawana haja ya kuuliza. Kwa desturi ya miaka mingi nchini, anayechinja kitoweo cha kuuza ni Mwislamu, ili kila mtu ale. Ni mapatano yasiyo na saini ya mtu, na kwa sehemu kubwa ya nchi bado yanafanya kazi.

Pale yalipovunjika, damu ilimwagika. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, mzozo wa nani mwenye haki ya kuchinja uligeuka vurugu na Mchungaji Mathayo Kachila akauawa. Serikali na viongozi wa dini walilazimika kuitana vikaoni kutuliza Kanda ya Ziwa, na chanzo chake chote kilikuwa kisu cha buchani.

Jinsi watu wanavyoingia kwenye misimamo mikali imeandikwa sana. Kazi niliyopewa na mhariri ni ya upande wa pili: kijana aliyekwisha kuingia, akakaa huko, akaona aliyoyaona, na sasa anataka kutoka. Akishuka Misuna saa tano usiku na begi lake, aende kwa nani?

Kijana wa Bihawana

Singida haina pwani wala haipakani na nchi yoyote. Tunapohesabu mikoa yenye hatari tunataja Pwani, Tanga, Mtwara, labda Arusha na Mwanza. Katikati ya nchi tunapaona kama ua wa nyuma, ambako mwizi hapiti.

Aprili 2, 2015, Al-Shabaab wa Somalia walivamia Chuo Kikuu cha Garissa nchini Kenya na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Miongoni mwa waliokamatwa alikuwamo Mtanzania, Rashid Charles Mberesero. Hakuwa mtoto wa Mombasa wala wa Tanga mjini. Alikuwa amesoma Shule ya Sekondari Bihawana, Dodoma, kama kilomita 240 kutoka Singida kwa barabara ya lami. Juni 2019 mahakama ya Nairobi ilimtia hatiani pamoja na Wakenya wawili. Wakenya walipewa miaka 41 kila mmoja, yeye kifungo cha maisha.

Jina lake lenyewe, Rashid Charles, ni la kawaida kabisa katika nyumba za ukanda huu, ambako baba anaweza kuwa wa dini hii na shangazi wa dini ile. Kama kijana wa Bihawana alifikiwa, wa Manyoni, Ikungi au Kiomboi naye anafikika. Siku hizi hata safari ya Somalia si lazima. Agosti 25, 2021, Hamza Mohamed aliua askari polisi watatu na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi karibu na Ubalozi wa Ufaransa, Dar es Salaam, kabla naye hajapigwa risasi. Polisi walisema baadaye kuwa alijifunza siasa kali mtandaoni. Simu ya mkononi inayomletea mkulima wa Nduguti bei ya vitunguu inaleta na hayo mengine.

*"Kama kijana wa Bihawana alifikiwa, wa Manyoni, Ikungi au Kiomboi naye anafikika."*

Tulikotoka

Tanzania iliamka Agosti 7, 1998, bomu lilipolipuka Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam na kuua watu 11, siku ileile Nairobi ilipopoteza zaidi ya 200. Miaka minne baadaye Bunge lilipitisha Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002, ambayo wengi, Waislamu hasa, waliipokea kwa mashaka, wakihofu imewalenga wao.

Kisha ikaja miaka mibaya. Zanzibar, Novemba 2012, Shehe Fadhil Soraga alimwagiwa tindikali. Februari 2013, Padri Evarist Mushi alipigwa risasi akienda kuadhimisha misa. Mei mwaka huohuo bomu lilirushwa kanisani Olasiti, Arusha. Julai 2015 kituo cha polisi cha Stakishari, Dar es Salaam, kilivamiwa, askari wakauawa na silaha kuporwa. Mei 2016 watu waliuawa kwa mapanga ndani ya msikiti Mwanza, wakiwa kwenye swala.

Kilele kilikuwa Kibiti, mkoani Pwani. Wenyeviti wa vijiji, watendaji na viongozi wa CCM waliuawa mmoja mmoja, na Aprili 13, 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa mpigo. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa mwana wa Singida, Mwigulu Nchemba, Mbunge wa Iramba Magharibi. Dola ilijibu kwa nguvu, na mauaji yalikoma.

Bei yake haijajumlishwa mpaka leo. Chama cha ACT-Wazalendo, kupitia Zitto Kabwe, kilidai uchunguzi kuhusu watu waliopotea Mkuranga, Kibiti na Rufiji wakati wa operesheni hiyo. Sisi wa magazeti tuna wetu pia: Azory Gwanda wa Mwananchi, aliyekuwa akiandika habari za mauaji hayo, alichukuliwa na watu wasiojulikana Novemba 21, 2017, na hajaonekana tena.

Baadhi ya waliokimbia Kibiti, kwa maelezo ya polisi wenyewe, walivuka mto Ruvuma na kujiunga na wapiganaji wa Cabo Delgado, Msumbiji, ambako vita vilianza Oktoba 2017 kwa shambulio la Mocímboa da Praia. Oktoba 2020 vita hivyo viligeuka vikavuka mto kuja huku, na kijiji cha Kitaya, Mtwara, kikashambuliwa. Waliofukuzwa bila kumalizana nao walikuwa wamepata pa kwenda.

Sheria imeandika adhabu tu

Tuseme mama mmoja wa kijiji cha Ikungi anapigiwa simu na mwanaye aliyetoweka miaka miwili. Yuko Nampula, amewatoroka wenzake, anataka kurudi nyumbani. Anaapa hakuua mtu, alikuwa mpishi. Mama afanye nini?

Sheria ya 2002 inamtaka mwenye taarifa za ugaidi azitoe, na kuzificha ni kosa. Basi mama aende polisi. Akienda, mwanaye akashitakiwa, kosa hilo halina dhamana. Upelelezi ukichukua miaka, atakaa mahabusu miaka hiyohiyo. Na yale makubaliano ya kukiri kosa, yaliyoingizwa kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai mwaka 2019, ugaidi umetajwa miongoni mwa makosa ambayo hayaguswi.

Mwaka huohuo wa 2019, Septemba, Rais John Magufuli aliwapa watuhumiwa wa uhujumu uchumi siku saba kuandika barua, kukiri na kurudisha fedha, na mamia waliandika. Aliyeiba mabilioni alioneshwa mlango, akaonyeshwa na dawati la kupitia. Mpishi wa Cabo Delgado hana dirisha hata moja.

Kuna njia moja tu, kalamu ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Ndiyo iliyowatoa viongozi wa jumuiya ya Uamsho ya Zanzibar, akina Shehe Farid Hadi Ahmed na Shehe Mselem Ali Mselem, Juni 2021, baada ya miaka mingi gerezani bila hukumu. Ndiyo iliyofuta mashtaka ya ugaidi ya kiongozi wa upinzani Freeman Mbowe Machi 4, 2022. Lakini kalamu hiyo haina masharti yaliyoandikwa ambayo mama wa Ikungi anaweza kusomewa na mtendaji wa kijiji. Inaandika wakubwa wanapoona inafaa, na wananchi wakitazama kesi zilizoishia hivyo wanaona siasa, hawaoni utaratibu.

Kwa hiyo mama, akiwa na akili zake timamu, atakaa kimya. Kijana naye, akijua anakokwenda ni jela au kaburi, atarudi porini. Hapa ndipo sheria kali inapolisaidia kundi bila kujua: kiongozi wa kundi hana haja ya kuwatisha vijana wake wasitoroke, serikali imeshamfanyia kazi hiyo.

*"Aliyeiba mabilioni alioneshwa mlango. Mpishi wa Cabo Delgado hana dirisha hata moja."*

Majirani walivyojaribu

Kenya ilijaribu kwa haraka. Aprili 2015, siku chache baada ya Garissa, Waziri wa Usalama wa Ndani Joseph Nkaissery alitangaza msamaha kwa vijana waliokwenda Somalia, mradi wajisalimishe ndani ya siku kumi, muda ambao baadaye uliongezwa. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilikadiria mwaka huo kuwa waliorejea walikuwa kama 700.

Tangazo lilikuwa zuri kwenye redio, lakini chini yake hakukuwa na sheria. Nani anaandika jina lako? Likiandikwa, linakwenda kwenye meza ya nani? Waliorejea Kwale na Mombasa walijikuta katikati: wenzao wa zamani wakiwaona wasaliti, na polisi wakiwaona magaidi. Baadhi waliuawa, na mara nyingi haikujulikana upande upi umefyatua. Waliobaki walijifunza kunyamaza.

Funzo halikupotea lote. Februari 2017 Kwale ilizindua mpango wake wa kaunti wa kukabili itikadi kali, ukiwa na wazee, wanawake, walimu wa madrasa na polisi kwenye meza moja, na kaunti nyingine zikafuata. Matokeo yanapishana sana kutoka kaunti hadi kaunti, na fedha ni tatizo la kudumu. Ila angalau mtu wa Msambweni anajua ofisi ya kuuliza.

Uganda ilikwenda njia ndefu zaidi na, kwa maoni yangu, yenye busara zaidi. Sheria yake ya Msamaha ya mwaka 2000 ilimwambia mpiganaji wa LRA, ADF au kundi lolote la waasi: weka silaha, kana vita, utapewa cheti. Zaidi ya watu 26,000 walikipata. Pamoja na cheti kulikuwa na fungu la kuanzia maisha: shilingi 263,000 za Uganda, godoro, blanketi, sufuria, majembe na mbegu.

Ukilitazama fungu hilo utaona limepangwa na mtu anayejua kijiji. Godoro ni ili asilale kwa ndugu mwenye hasira naye. Jembe ni ili majirani wamuone asubuhi yuko shambani. Malalamiko yalikuwa kwamba fungu huchelewa na mbegu hufika msimu umeshapita, lakini hayo yalihusu utekelezaji, si wazo lenyewe.

Na msamaha wa Uganda haukuwa wa kila mtu. Thomas Kwoyelo, kamanda wa LRA aliyekamatwa 2009, aliomba cheti akanyimwa. Agosti 2024 alitiwa hatiani kwa makosa kadhaa dhidi ya ubinadamu na Oktoba akahukumiwa miaka 40. Mbeba mizigo na kamanda hawakupimwa kwa kipimo kimoja.

Somalia, yenye moto mkubwa kuliko wote, iliwatenganisha tangu mwanzo. Wale ambao usalama wa taifa unawaona hawana hatari kubwa hupelekwa vituo kama Serendi, Mogadishu, kilichoanza 2012, wakasoma dini upya na kujifunza ufundi. Kwa wakubwa, mambo yalikuwa ya ajabu zaidi. Mukhtar Robow, aliyekuwa naibu kiongozi wa Al-Shabaab na ambaye Marekani ilimwekea dau la dola milioni 5, alijisalimisha Agosti 2017. Mwaka uliofuata aligombea uongozi wa jimbo akakamatwa. Agosti 2022 akateuliwa waziri wa mambo ya dini. Wapo Wasomali wanaoliona hilo kama ushindi, wapo waliozika ndugu zao kwa amri zake.

Wanaosema wafungwe tu

Hao waliozika wana hoja, na si haki kuipita mbio. Mjane wa askari wa Kibiti hajaulizwa kama anasamehe. Mzazi aliyempeleka binti chuoni Garissa akarudishiwa jeneza haelewi kwa nini fungu la godoro na jembe liende kwa aliyebeba risasi. Katika programu nyingi duniani aliyetoka kundini anapata kozi ya useremala, na yatima wa aliyeuawa anapata hotuba.

Hofu ya pili ni ya usalama. Usman Khan alifungwa Uingereza mwaka 2012 kwa njama za ugaidi, akaachiwa Desemba 2018, akawa akihudhuria programu za kurekebishwa. Novemba 29, 2019, kwenye kongamano la kusherehekea mojawapo ya programu hizo katika ukumbi wa Fishmongers' Hall, London, alitoa visu na kuua vijana wawili waliokuwa wakiifanya kazi hiyo, Jack Merritt na Saskia Jones. Kila anayebuni mpango wa kupokea watu hawa anapaswa kuanza na mchana ule.

Ila mchana uleule una upande wake mwingine. Miongoni mwa waliomkabili Khan alikuwamo Steven Gallant, mfungwa wa mauaji aliyepewa ruhusa ya kutoka kwa siku hiyo. Ukumbi mmoja, watu wawili waliopita gerezani, mmoja kadanganya na mmoja kabadilika kweli. Afisa anayesema anaweza kuwatofautisha kwa kuwatazama usoni ni muongo. Kinachobaki ni kuwa na utaratibu wa kuchunguza, kufuatilia na kumrudisha ndani anayeteleza, na utaratibu huo hauwezekani kwa mtu ambaye hakuthubutu kujitokeza.

Si wa msikitini peke yao

Ingekuwa uzembe kuandika makala haya kana kwamba ukali wa dini unavaa kanzu tu. Machi 17, 2000, huko Kanungu, Uganda, mamia ya waumini wa kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi walikufa ndani ya kanisa lililochomwa. Aprili 2023 Kenya ilianza kufukua miili katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ambako wafuasi wa mchungaji Paul Mackenzie walifunga chakula hadi kufa. Miili ilipita 400.

Kilichotokea kwa manusura wa Shakahola hakikuzungumzwa vya kutosha. Waliookolewa walipelekwa kwenye kituo, wengine wakaendelea kukataa chakula. Juni 2023, watu 65 kati yao walifikishwa mahakamani Shanzu wakishitakiwa kwa kujaribu kujiua. Wameokolewa kutoka kwa mchungaji aliyewaambia serikali ni adui, na muda mfupi baadaye serikali ikawapandisha kizimbani.

Kwetu pia tumewaona Wasabato Masalia, waliopiga kambi uwanja wa ndege wa Dar es Salaam mwaka 2008 wakitaka kusafiri bila pasipoti wala tiketi. Hawakuua mtu. Lakini mtoto aliyekulia kwenye kundi la kukataa shule, akitimiza miaka 17 na kutaka kutoka, naye anahitaji mtu wa kumpokea, na hakuna kifungu cha sheria ya ugaidi kinachomhusu.

Singida ina nini mkononi

Hapa napenda nitue mzigo, maana Singida si maskini katika jambo hili.

Mkoa ulikuwa na watu zaidi kidogo ya milioni mbili kwa Sensa ya 2022. Wangapi Waislamu, wangapi Wakristo, hakuna hesabu rasmi, kwa kuwa Tanzania haijauliza dini kwenye sensa tangu 1967, jambo ambalo lenyewe lilizua mgomo wa baadhi ya Waislamu mwaka 2012. Uislamu ulipita njia ya misafara iliyokatiza nyika ya Mgunda Mkali, pande za Manyoni. Walutheri wa Leipzig walifika Iramba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wakafuatwa na Wamarekani wa Augustana. Leo KKKT Dayosisi ya Kati ina makao yake Singida, Wakatoliki wana jimbo tangu 1972, BAKWATA ina ofisi yake ya mkoa. Msibani wote wanakutana.

Mkoa pia una kumbukumbu yake ya vijana kugeuzwa silaha kwa jina la nguvu zisizoonekana. Miaka ya 1940 Singida ilitikiswa na mauaji ya "watu simba", na wanahistoria bado wanabishana yapi yalikuwa ya wanyama na yapi ya binadamu. Serikali ya kikoloni ilikamata na kunyonga. Wazee waliokua na hadithi hizo hawahitaji semina ya kuelezwa hofu ya kijirani inafananaje.

Swali gumu ni nani azungumze na kijana aliyerudi. Jibu jepesi la kiofisi ni BAKWATA. Lakini BAKWATA iliundwa 1968, mwaka uleule serikali ilipoipiga marufuku jumuiya ya Waislamu ya Afrika Mashariki, EAMWS, na kwa Waislamu wengi wenye msimamo haijawahi kuivua sura ya ofisi ya serikali. Kijana aliyefundishwa kuwa mashehe wa serikali ni wanafiki hatamsikiliza shehe aliyeletwa na gari la mkuu wa wilaya.

Anayeweza kumrudisha ni yule aliye karibu na alikotoka: maalimu wa Kisalafi anayevaa suruali fupi, anayekataa maulidi, anayezijua Aya na Hadithi kuliko aliyemrubuni, na anayeona kuua raia ni dhambi kubwa. Walimu wa namna hiyo wapo katika miji yetu. Tatizo ni kwamba vyombo vya dola mara nyingi vinawatazama wao kwanza kama washukiwa, na mtu anayeandikwa jina kila Ijumaa hawezi kuombwa msaada Jumamosi. Nadhani hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote tunayofanya, na halina gharama ya fedha kulirekebisha.

*"Mtu anayeandikwa jina kila Ijumaa hawezi kuombwa msaada Jumamosi."*

Aliyetoka mwenyewe anaweza kuwa mwalimu mzuri kuliko wote. Anajua ahadi zilivyotolewa, mshahara ulivyokawia, na jinsi waliokuwa wakihubiri shahada walivyokuwa wakikaa nyuma ya msafara. Ila asipandishwe jukwaani akiwa bado anatetemeka. Wapo, katika nchi za wenzetu, waliogeuzwa watu wa maonyesho, wakazungushwa hotelini kwenye makongamano, na mradi ulipokwisha wakaachwa bila kazi, sura zao zikiwa zimeshajulikana na kila anayewatafuta. Mtu kama huyo afadhali akae na vijana watano barazani, kwa jina la kawaida, akijulikana na wachache.

Kuhusu kazi, mkoa huu haukosi cha kumpa. Alizeti inataka mikono kuanzia palizi hadi kiwanda cha kukamua, vitunguu vinataka wapakiaji, na kuku wa Singida wanaliwa Dar es Salaam kila siku. Kumwingiza mtu mmoja kwenye kikundi cha ufugaji ni rahisi kuliko kumjengea kituo, sharti kikundi kiwe kimeambiwa ukweli na kimekubali.

Kinachodaiwa

Wala hakidaiwi kitu cha ajabu. Bunge linaweza kuiongezea Sheria ya 2002 sehemu inayosema nani anaweza kupokewa, nani hawezi, achunguzwe na nani, kwa muda gani, na aliyeumizwa apewe nini kabla aliyeumiza hajapewa jembe. Aliyeua ashitakiwe, kama Kwoyelo. Aliyepika, aliyebeba, aliyeolewa huko kwa nguvu, apimwe kwa kipimo chake. Ugaidi uondolewe kwenye orodha ya makosa yasiyoguswa na makubaliano ya kukiri, hata kama kwa ngazi za chini tu na kwa idhini ya mahakama.

Hayo ni ya Dodoma, na ya Dodoma huchukua miaka. Mengine ni ya hapahapa. Kila kata sasa inapaswa kuwa na mkaguzi wa polisi, na viongozi wa dini mkoani wanaitwa vikaoni kila uchaguzi unapokaribia. Kinachokosekana ni mtu mmoja anayejulikana, asiye askari, ambaye mama wa Ikungi anaweza kumpigia simu na kuuliza swali bila kumtaja mwanaye. Anaweza kuwa wakili wa msaada wa kisheria, afisa ustawi wa jamii, au hata mchungaji na maalimu waliokubaliana kupokea simu kwa zamu. Mtu huyo akubaliwe kwa maandishi na polisi, ili kesho asikamatwe kwa kuficha taarifa.

Mkuu wa mkoa ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya mkoa. Kuliweka jambo hili kwenye ajenda ya kikao kijacho hakuhitaji sheria mpya, bajeti wala ruhusa kutoka Dodoma.